Mtoto wa mayai

Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la fildi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikapangiwa wiki nane katika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri moja ya mkoa wa Tanga, upande wa pwani. Halmashauri siitaji, kijiji tulichofikia sikitaji, na mtoto mwenyewe nitamwita dogo tu, kama alivyoitwa na kila mtu tangu stendi.

JUMATATU

Ofisi ya ustawi huijui kwa kibao, unaijua kwa benchi. Saa mbili asubuhi benchi letu lilishajaa. Mama wa mapacha, mmoja mgongoni mmoja mapajani, anadai matunzo kwa baba ambaye tumeshampelekea wito mara tatu. Mzee anayetaka barua ya msamaha wa matibabu kwa sababu kitambulisho chake cha mzee kimeliwa na mchwa. Mke na mume waliokuja kusuluhishwa, kila mmoja kakaa ncha yake ya benchi, katikati wamewaachia watu wanne wasiohusika.

Huyo mzee alinifundisha kitu. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure, hilo kila mtu analijua. Lakini aliyekaa dirishani hospitalini hawezi kuusoma umaskini usoni mwa mtu, anataka karatasi. Na karatasi inatoka kwetu, baada ya barua ya mtendaji wa mtaa, ambaye Jumatatu ile alikuwa kikaoni.

Msimamizi wangu, ambaye mji mzima unamwita Mama Ustawi, husikiliza huku anaandika. Hamtazami mtu mpaka afike penye uongo. Hapo ndipo huinua kichwa.

Saa nne ikaja taarifa kutoka 116, ile simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Dereva wa bodaboda alikuwa amepiga: stendi kuna mtoto kalala siku mbili nyuma ya vibanda, ana ndoo. Tukaondoka na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, kavaa kiraia. Bajaji alilipa Mama kutoka kwenye pochi yake. Masurufu ya robo ile yalikuwa bado, na nadhani hata nilipoondoka mwezi uliofuata yalikuwa bado.

Tulimkuta kaikalia hiyo ndoo. Nilijipanga kumkimbiza, maana darasani tumeambiwa watoto wa mtaani hukimbia. Yeye akainuka, akafunua ndoo, akauliza, "Mangapi?"

Mayai matatu ya kuchemsha, kachumbari iliyoanza kuchacha, na chumvi iliyochanganywa na pilipili, imefungwa kwenye karatasi ya daftari. Ile karatasi niliiangalia sana. Ilikunjwa mara nne, pembe zikaingizwa ndani kama bahasha, hata ukiitikisa haimwagi. Mama akanunua yote matatu, akalipa 1,500, akasema, "Haya, biashara imekwisha. Sasa tuongee."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na nne," akajibu kabla swali halijatua.

Mama akainua kichwa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na umri wa chini wa kufanya kazi, tena kazi nyepesi, ni miaka 14. Mtoto wa kimo kile, meno ya mbele bado yamemzidi mdomo, hawezi kuijua namba hiyo kwa bahati. "Nani kakufundisha useme kumi na nne?" Dogo akaangalia ndala zake, moja ya bluu, moja ya kijani.

Habari yenyewe ilitoka vipande vipande, mpaka jioni. Kwao ni milimani, Lushoto. Alishushwa na mwanamke anayemwita shangazi, kwa ahadi ya shule ya mjini. Badala ya shule akapewa trei moja ya mayai kila siku, 30, azungushe stendi na sokoni. Siku moja aliteleza, 22 yakapondeka. Hakurudi. Alichokuwa anakitaja kila mara si njaa wala kulala nje. "Nadaiwa mayai ishirini na mbili."

Tulipofika kituoni kuandikisha maelezo akasimama mlangoni. "Ndiyo mahabusi ya watoto?" Alikuwa ameisikia stendi. Tanga kweli ipo, ni moja kati ya chache nchini, lakini ni ya watoto wanaotuhumiwa makosa, wakae humo kesi zikiendelea badala ya kuchanganywa na wakubwa gerezani. Yeye hana kosa. Mama alimweleza hivyo, kisha akamweleza tena, na mara ya tatu. Ndoo ikabaki pale kama kielelezo, na hilo ndilo lililomliza. Ndoo si yake.

Usiku alilala kwa familia ya kuaminika. Hizi ni kaya za kawaida ambazo ustawi imezichunguza, ikazipa mafunzo na kuziorodhesha, ili mtoto akiokotwa saa kumi jioni apate kitanda na mtu mzima wa kumuuliza kama amekula. Mama wa ile nyumba ni muuza vitumbua. Hakuuliza jambo lolote zaidi ya, "Anakula pilipili?"

JUMANNE

Kutwa nzima kwenye simu. Dogo anajua jina la bibi yake kama "Bibi", jina la mlima ambao kila mtu aliyezaliwa upande ule anaujua, na kwamba njia ya kwao inapita Mlalo. Mama akampigia mwenzake wa Lushoto, huyo akampigia mtendaji wa kata, huyo watendaji wa vijiji. Saa tisa alasiri simu ikarudi. Kuna bibi mjukuu wake alikwenda kusoma mjini tangu mwaka jana.

"Kusoma," Mama akarudia, akaandika.

JUMATANO

Stendi ya mabasi ya Kange, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dogo kavaa shati la mtoto wa muuza vitumbua, limemfika magotini. Konda akataka nauli tatu kamili. Mama akamwonyesha barua yenye mhuri. "Mama yangu, barua haiingii kwenye tangi," akasema konda, na sikuona cha kumjibu. Wakaishia nauli mbili na nusu.

Muheza machungwa yakaingia dirishani kabla basi halijasimama vizuri. Mama akanionyesha upande wa Misufini, yalipo makazi ya wazee ya serikali. Mkoa una mawili, hayo na Mwanzange ya Tanga mjini. Wenyeji bado wanasema "kambi", na neno lina asili yake: baadhi ya makazi haya nchini yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Anayepokelewa ni mzee asiye na ndugu wala uwezo, na kabla hajapokelewa lazima ofisi ihakikishe kweli hana ndugu. Mama alisema kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya ni hiyo, kuwatafuta ndugu wa mzee, kuwapata, na kuwasikia wakisema hawamjui.

Baada ya Hale ni mkonge, mistari yake ikipishana dirishani mpaka macho yanachoka. Segera tukakunja kulia kwenda Korogwe. Mombo tukabadili gari.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, ila zote zimejikunja. Kabla ya Soni mimi, mtoto wa Morogoro niliyejidai naijua milima, nikaomba mfuko. Dogo akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. "Usiangalie chini kaka, angalia kule," akanionyesha kilele kwa kidevu. Nikaangalia kule. Ikasaidia.

Lushoto baridi ilimkumbusha mwili wake. Mama akamnunulia sweta la mtumba, la kijani, lina picha ya dubu. Tukakabidhi jalada. Mtoto anapovuka halmashauri, jalada lake nalo linavuka, kama mgonjwa aliyepewa rufaa, na kuanzia hapo afisa wa kule ndiye mwenye shauri. Tulimkuta kijana mmoja mwenye pikipiki, koti la mvua na daftari la ukurasa mmoja kwa kila mtoto.

Nilidhani tutalala gesti wote. Mama akanikata mapema: mtoto aliye chini ya ustawi halali gesti na mwanafunzi wa kiume, hata kama huyo mwanafunzi ni malaika. Familia ya kuaminika nyingine ilishaandaliwa. Niliona haya kwanza, baadaye nikaona ni sawa kabisa. Utaratibu wa namna hii huwezi kuutungia watu wabaya peke yao, maana hawaji na kitambulisho.

ALHAMISI

Mlalo kwa gari, kisha bodaboda mbili. "Mgosi, shika vizuri," dereva wangu akanionya, na kweli nilishika, maana upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu na upande wa pili ni mapaa ya nyumba za watu. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya njia sabuni. Mwisho wa bodaboda tukatembea kama dakika arobaini. Dogo akawa mbele, halafu mbele zaidi, mpaka tukawa tunafuata sweta tu.

Bibi alikuwa shambani, kwenye maharage. Mtendaji wa kijiji akamwita. Alipanda taratibu, jembe begani, akatuamkia mmoja mmoja, tukamwamkia. Kwa mjukuu hakusema neno. Akamshika kichwa kwa kiganja, kama anayepima homa. Akamgeuza mikono, akavitazama viganja vyote viwili. Kisha akasema kitu kwa Kisambaa, kifupi. Dogo akaingia ndani, akatoka na dumu la njano, akashuka mtoni.

Nikaandika: *Mapokezi ya baridi. Bibi hakuonyesha furaha.*

Mama akalichukua daftari langu, akapiga mstari. "Futa. Andika kwamba amempa kazi yake."

Tathmini ya kaya ina fomu ndefu. Mama hakuitoa kwenye begi. Aliomba maji ya kunywa, akafuata yalikotoka, akaliona jiko na gunia la mahindi lililobaki robo. Akaomba kujisaidia, akakiona choo. Akasifu sweta la dogo na kuuliza litaanikwa wapi likilowa, akaonyeshwa kitanda. Wajukuu wanne, vitanda viwili. Mama yao alikwenda kutafuta maisha, simu yake haipatikani. Kisha akakaa mpaka chakula kikaiva, makande, ili aone nani anapakuliwa kwanza na nani anasubiri. Fomu aliijaza jioni, na kila kisanduku kilikuwa na jibu.

Baada ya kula ndipo akauliza habari ya yule shangazi. Si shangazi wa damu, ni mtu aliyeolewa ukoo wa jirani. Alikuja wakati wa njaa, akaongea vizuri, akaacha 30,000.

"Ulizifanyia nini, mama?"

Bibi akaingia ndani, akarudi na kadi imefungwa kwenye nailoni. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii. Wakati ule ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita. Kwenye orodha ya wanakaya, jina la dogo lilikuwa la tatu.

Sikujua niandike nini. Fedha iliyomtoa mtoto nyumbani ndiyo iliyomkatia bima, na bima yenyewe asingeweza kuitumia akiwa stendi na ndoo. Mama naye alinyamaza. Alinakili namba ya kadi, akairudisha kwa mikono miwili.

"Akija mtu tena na fedha, utamtoa?"

Mtendaji akakohoa, kama anayetaka kumsaidia bibi jibu. Bibi hakutaka msaada. "Nikikwambia sitamtoa, mama, na gunia limeisha, nitakuwa nakudanganya."

Nimeshawasikia watu wengi wakiapa mbele ya meza ya ustawi. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwamini, na ndiye aliyekataa kuapa. Nilitegemea Mama amkemee, amtajie sheria. Akamsogezea mtendaji kalamu, wakaanza hesabu.

Kumbe bibi ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya yake iliingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ruzuku kila baada ya miezi miwili, ila sehemu ya ruzuku hiyo ilikuwa na masharti: watoto wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, wadogo wapelekwe kliniki. Dogo alipoondoka, mahudhurio yakaanguka, malipo yakapungua. Malipo yalipopungua, gunia likaisha mapema. Bibi hakuwahi kuambiwa sababu, au aliambiwa kwa maneno ambayo hayakufika. Alidhani serikali imemchoka.

Kwa hiyo kilichoandikwa siku ile, kwenye meza ambayo ni ndoo iliyopinduliwa, kilikuwa hivi: dogo arudi shule kesho, mtendaji apeleke taarifa kwa mratibu wa TASAF, jina la bibi liangaliwe kwenye ajira za muda, isipokuwa kwa umri wake afanye mjomba wa wale watoto anayekaa kaya hiyo hiyo. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kijiji, ambayo ipo tangu mpango wa taifa wa 2017 ulipoziagiza, ipite pale kila mwezi. Mama alimtaka mtendaji amtaje mjumbe mmoja atakayepita. "Kamati haina miguu," alisema. Akatajwa mwanamke wa nyumba ya tatu.

Bibi aliweka dole gumba.

IJUMAA

Shule. Mwalimu mkuu akafungua daftari la mahudhurio la darasa la tatu, na kwenye jina la dogo kulikuwa na wino mwekundu: *mtoro*.

"Mtoro hukimbia," Mama akasema. "Huyu alichukuliwa."

Mwalimu hakubishana. Akachukua kalamu ya bluu, akaandika pembeni kwa herufi ndogo, akatugeuzia tusome. Ada hakuna, lakini sare ipo, na daftari, na viatu. Fundi wa pale alikubali kushona kaptula kwa mkopo wa mwenyekiti. Kadi ya kliniki aliyokuja nayo bibi ilisema dogo ana miaka 11 na miezi minne.

Wakati wa kuagana nilitegemea angalau mkono. Dogo alikuwa na shughuli, wenzake walikuwa wamemzunguka wanapapasa dubu wa sweta. Tulishafika getini aliponifuata mbio.

"Kaka. Ile ndoo mtamrudishia?"

Nikamwambia ndiyo.

Kushuka nako nikaomba mfuko.

JUMATATU

Benchi limejaa. Baba wa mapacha amekuja, kwa wito wa nne, kavaa suti. Yule mzee kapata barua ya mtendaji lakini mhuri haukukolea, karudi.

Kwenye ncha ya benchi alikaa mwanamke ambaye sikumjua, mtandio safi, wito wa Dawati mkononi na daftari dogo la hesabu mapajani. Hakusubiri aulizwe. Alisema yeye ni mtu wa sheria, ameitwa amekuja, lakini kabla ya maneno yote angependa kujua habari ya ndoo yake, na mayai ishirini na mbili kwa mia tano, ambayo ni elfu kumi na moja, na siku mbili ambazo mtoto hakufanya kazi.

Mama Ustawi alikuwa anaandika. Akainua kichwa.

"Kaa, mama," akamwambia. "Zamu yako itafika."